Koti la manyoya ya samaki

Koti nililosafiri nalo kwenda Urusi, Septemba 1984, lilikuwa la baba mkubwa. Zito, rangi ya majani makavu, kola pana. Kwetu Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, ambako Juni na Julai ukungu hushuka hadi kizingitini, koti lile lilihesabika kuwa la mtu mwenye uwezo. Baba mkubwa alinikabidhi kwa maneno machache: "Ukirudi, rudi nalo." Novemba ilipofika nilikuwa Voronezh, kwenye kitivo cha maandalizi ambacho sisi wageni tulikiita podfak. Nikalivaa, nikateremka ngazi za bweni. Bibi aliyekuwa zamu mlangoni akanisimamisha. Akashika upindo kwa vidole viwili, akausugua kama mtu apimaye kitambaa dukani, kisha akanitazama kwa huruma.

"Synok," akaniambia, yaani mwanangu, "koti lako hili ni na rybyem mekhu."

Kirusi changu kilikuwa cha miezi miwili. Ryba nilijua ni samaki. Mekh nilijua ni manyoya ya mnyama, yale yanayoachwa juu ya ngozi ili zishonwe kofia na makoti. Kwa hiyo bibi alikuwa ameniambia kwamba koti langu lina manyoya ya samaki. Nilikwenda nalo neno hilo hadi kituo cha basi, theluji ikinidondokea mabegani, nikiwaza ni samaki gani wa mito ya huko ambaye Mungu amemvika manyoya.

Kesho yake nikamuuliza mwalimu wetu wa lugha. Hakunicheka. Alinieleza kwamba Warusi husema hivyo juu ya nguo isiyokinga baridi: samaki hana manyoya, basi koti lililotandikwa manyoya yake ndani halikutandikwa kitu. Na bibi alisema kweli, maana Januari ilipokuja nilivaa fulana tatu chini ya koti lile na bado upepo ulinifikia mbavuni. Lakini mwalimu hakuishia kwenye samaki. "Hilo umelielewa," akasema. "Sasa angalia mkia wa neno." Akaandika ubaoni: mekh. Chini yake: na mekhu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza Kirusi kwa kweli, miezi miwili baada ya kuanza kukisoma.

Kirusi hubadilisha mwisho wa jina kulingana na kazi yake katika sentensi. Wenyewe huita padezh, na ziko sita. Mekh likiwa mtenda, ni mekh. Ukitaka kusema "ya manyoya," ni mekha. Ukisema "kwa manyoya" kwa maana ya kuyaelekea, ni mekhu. Ukiyatumia kama kifaa, ni mekhom. Ukisimulia habari zake, ni o mekhe. Haya tulikuwa tumeyakariri kama wimbo. Na tulifundishwa kwamba mahali, baada ya v au na, huchukua mwisho wa e: meza ni stol, mezani ni na stole. Basi koti lililokaa juu ya manyoya lilipaswa kuwa na mekhe. Bibi wa mlangoni alisema na mekhu, na mwalimu akathibitisha kwamba bibi hakukosea.

Yako majina kadhaa ya Kirusi, mengi yake ya silabi moja tu, ambayo yana mwisho wa pekee kwa ajili ya mahali, tofauti na mwisho wa habari. Msituni ni v lesu, lakini habari za msitu ni o lese. Ndani ya theluji ni v snegu, lakini habari za theluji ni o snege. Bustani, ufuko, sakafu, pembe ya chumba, yote yamo kundini. Na manyoya pia: koti huwa na mekhu, ila maongezi huwa o mekhe. Wanafunzi wenzangu kutoka nchi nyingine waliguna. Waliona ni mzigo juu ya mzigo. Mimi nilihisi kama nimekutana na mtu wa kwetu. Sisi tunasema "niko mlimani" lakini "nasimulia habari za mlima." Hakuna Mswahili anayeona ajabu kwamba jina hupata mkia pale linapogeuka kuwa mahali. Manyoya yaliyotandikwa ndani ya koti ni mahali, mahali pa joto ambapo mwili umewekwa, na Kirusi kimelitambua hilo kwa herufi moja.

Mwalimu alitueleza na chanzo chake. Zamani sana Kislavoni, lugha mama ya Kirusi na jamaa zake, kilikuwa na kundi dogo la majina yaliyokwisha kwa u katika hali ya mahali: asali, nyumba, mwana, kilele, na mengine machache. Kundi lenyewe limekufa, maneno yake yakamezwa na kundi kubwa, lakini mkia wake ukahamia kwa majirani. Mekh halikuzaliwa katika kundi lile. Liliupokea mkia kwa ujirani, kama mtoto alelewaye na ukoo mwingine akabaki na salamu zao.

Kilichonisumbua zaidi ni mkazo. Kiswahili kina adabu: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiujua kwa neno moja umeujua kwa karibu yote. Kirusi huuweka kinapotaka, na hakiuandiki. Kwenye barabara kuu ya mji palikuwa na duka lenye bango la neno moja: MEKHA. Kila nilipopita nilisoma kwa mkazo wa Kiswahili, ME-kha, na hilo maana yake ni "ya manyoya." Ya manyoya, nini? Nilidhani bango limekatika, kwamba herufi zilizotangulia zimeanguka. Kumbe lilipaswa kusomwa me-KHA, wingi: manyoya ya kila namna, mavazi ya manyoya. Herufi ni zile zile nne, МЕХА, na kinachotenganisha maana ni pigo la sauti tu. Vivyo hivyo ME-khu ni "kwa manyoya," lakini na me-KHU ndilo lile koti. Nilipolitamka lile la koti kwa mazoea ya kwetu, muuzaji alisikia kitu kingine.

Nilipata dawa yake kutoka kwa baba mkubwa, ingawa alikuwa mbali mno. Sisi ni Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno. Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuvukuta, na nikiwa pale nilisikiliza nyundo: pigo dogo juu ya fuawe, pigo kubwa juu ya chuma, dogo, kubwa. Voronezh nikaanza kujifunza kila neno kwa kugonga meza. Me-KHA: dogo, kubwa. ME-kha: kubwa, dogo. Mwenzangu wa chumba alinivumilia. Hadi leo neno jipya la Kirusi sijalipata mpaka kidole kimeligonga.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nilipende neno hili kuliko mengine yote ya lugha ile. Nilipomaliza maandalizi niliingia kusoma mifugo, na kiangazi cha 1986 tukapelekwa shamba la ushirika kwa mafunzo ya vitendo. Pale kijijini palikuwa na kiwanda cha mhunzi. Moto wake ulipulizwa kwa feni ya umeme, lakini ukutani ilining'inia mivukuto ya zamani, ngozi iliyokakamaa, mikunjo imepasuka. Niliisogelea. Mhunzi, mzee mwenye mikono iliyochomekachomeka kama ya watu wa kwetu, akaona naitazama akasema, "Mekhi."

Nikadhani anasema manyoya kwa lafudhi ya kijijini. Nikamrekebisha, kwa heshima, nikasema wingi wake ni mekhá. Akatikisa kichwa, akaonyesha koti la ngozi ya kondoo lililotundikwa msumarini: "Hizo ni mekhá." Akagusa mivukuto: "Hizi ni mekhí."

Neno moja, umoja wake ni mmoja, wingi wake ni miwili. Mekhá kwa manyoya, mekhí kwa mivukuto na kwa viriba. Hilo la viriba nililijua jioni ile ile nilipofungua Biblia yangu ya Kiswahili, kwa sababu mwalimu wetu wa zamani alipenda kutumia msemo wa divai mpya katika mekhi za kale, nami nilikuwa nikiupokea tu bila kuuona. Mathayo 9:17 kwetu inasema viriba vikuukuu. Mekhi ni viriba. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na Biblia magotini, na mbele ya macho yangu nikamwona baba mkubwa akichinja mbuzi wa mivukuto.

Mbuzi wa mivukuto hachunwi kama wa nyama. Hapasuliwi tumbo. Ngozi huvuliwa nzima kama soksi, kuanzia nyuma, ili ibaki mfuko. Shingo hufungwa kwenye mrija wa udongo unaoingia motoni, na mwisho wa pili huachwa na mdomo wa kufungua na kufunga kwa mkono. Mifuko huwa miwili, nami nilikaa katikati nikiinua mmoja na kuukandamiza mwingine, mmoja ukivuta pumzi mwingine ukitoa, moto usipate kupumzika. Ngozi ile ile, ukiifunga miguu na kuitia maji, ni kiriba. Ukiitia nafaka ni mfuko. Ukiiacha na manyoya yake na kujifunika, ni nguo. Mkononi mwa mhunzi hakuna vitu vitatu pale. Kuna mbuzi mmoja, na unachoamua kumfanyia.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mekh ni neno lenye maana nyingi. Lina maana moja: ngozi ya mnyama iliyovuliwa nzima. Maisha ndiyo yaliyoigawa.

Na sarufi ikafuata maisha. Wale wanaosoma Kiswahili huniuliza kwa nini tunasema mbuzi huyu na mbuzi hii. Mbuzi huyu analia zizini; mbuzi hii inakunia nazi. Jina ni lile lile, na upatanisho ndio unaokuambia kama kuna pumzi au kuna chuma chenye meno. Kirusi hakina ngeli zetu, kwa hiyo kimefanya kazi hiyo kwa miisho ya wingi. Na si kwa mekh peke yake: khleb ni mkate, khleby ni mikate ya mezani, khleba ni nafaka iliyosimama shambani. Miisho miwili ilikuwepo, lugha ikaigawia kazi.

Mwisho wa i ndio wa zamani zaidi, na ndiyo maana umebaki na vitu vya zamani, mivukuto na viriba vya Maandiko. Ule wa a ulianza kama mwisho wa vitu viwili viwili, maana Kislavoni cha kale kilikuwa na umoja, uwili na wingi. Pembe mbili, macho mawili, kingo mbili za mto: roga, glaza, berega. Uwili ulipokufa, mkia wake ukageuka kuwa wa wingi wowote, ukaendelea kusambaa hadi majina ambayo hayakuwahi kuwa pacha. Nilipolijua hili nilistaajabu, na bado nastaajabu: mivukuto ndiyo inayokwenda miwili miwili, lakini imebaki na mwisho wa wingi, na manyoya ndiyo yaliyochukua mwisho wa uwili.

Gunia la Kirusi ni meshok. Nilikuwa nikilitamka kila siku, la viazi, la unga, pasipo kuona kwamba ni mekh mdogo. Kh imegeuka sh. Mwalimu alitupangia ubaoni: inzi ni mukha, inzi mdogo mushka, jogoo ni petukh, jogoo mdogo petushok, manyoya laini ya kifaranga ni pukh, na udogo wake ni pushok. Hapo niliinua mkono, nikasema kwetu anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi, anayetumika ni mtumishi. K hugeuka sh mbele ya i, kwa sababu ulimi hujiandaa kwa i kabla haujafika, ukaivuta konsonanti mbele pamoja nao. Mwalimu aliweka chaki chini. Akaniambia ndiyo sababu ile ile: kati ya kh na k ya meshok palikuwa na i fupi sana ya zamani. Irabu hiyo haipo tena, imetoweka au imegeuka o, lakini alama yake kwenye konsonanti imebaki. Tofauti ni kwamba sisi i yetu bado tunaitamka, yeyote anaweza kuiona. Wao wamebaki na unyayo.

Ukirudi nyuma zaidi, kh yenyewe ya mekh ilikuwa s. Katika Kislavoni cha kale sana, s ikitanguliwa na i au u iligeuka kh, na Kilithuania, ndugu wa karibu, hakikupata kh: mara nyingi s ilibaki, mara nyingine ikawa š. Ndiyo maana sikio kwa Kirusi ni ukho na kwa Kilithuania ni ausis. Inzi ni mukha na kule ni musė. Basi tafuta mekh kwa Kilithuania utakuta maišas, gunia. Kilatvia ni maiss, gunia pia. Irabu ya katikati ilikuwa oi, ikawa sauti ambayo Warusi waliiandika kwa herufi ya pekee, ѣ. Kabla ya marekebisho ya tahajia ya 1918 neno hili liliandikwa мѣхъ, herufi nne, na mbili kati yake zikaondolewa: ile ѣ, na ile ъ ya mwisho ambayo ilikuwa kaburi la irabu fupi iliyokwisha kunyamaza. Watoto wa enzi za Tsar walikariri orodha ndefu ya maneno yenye ѣ kwa sababu masikio yao hayakuisikia tena tofauti. Lakini majirani waliihifadhi kila mmoja kwa njia yake. Waukraini husema mikh, Wapolandi miech, Wacheki měch, Wakroatia mijeh, Waserbia meh, Wabulgaria myakh. Ni kama mbuzi: Wakikuyu mbũri, Waganda embuzi, Washona mbudzi. Ukizipanga unaona jinsi mama alivyofanana.

Bwenini alikuwepo Mpolandi mmoja, nikamwambia nataka kununua miech kwa ajili ya koti. Alinitazama kwa mshangao, kwa maana kwao miech ni mivukuto tu. Manyoya wao huita futro, kutoka neno la Kijerumani Futter, bitana. Waukraini wakalipokea kwa Wapolandi, na kwa kuwa f ilikuwa sauti ngeni vinywani mwao wakalifanya khutro. Mimi naona hapo kuna historia nzima ya nguo: kwa jirani mmoja neno la mnyama lilipanda hadi likawa la kitambaa, kwa mwingine neno la bitana lilishuka hadi likawa la mnyama.

Na mbele kabisa, nyuma ya Kislavoni, wanaisimu hujenga neno moisos na kuliwekea nyota, alama ya kwamba halikupata kuonekana limeandikwa mahali popote; limepatikana kwa kulinganisha. Maana yake kondoo, au ngozi ya kondoo. Ushahidi uko kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India, meṣa, kondoo dume, na kwenye Kiajemi, mish, kondoo jike. Nilipolisoma neno la Kisanskriti nilifunga kitabu. Nilisoma sekondari Moshi, na katika duka la Mgujarati tulikonunua madaftari palikuwa na kalenda yenye picha za nyota za kuzaliwa. Ya kwanza ilikuwa kondoo dume. Mwenye duka alinitajia jina lake siku moja nilipokuwa nangoja chenji: Mesh. Neno hilo lilikuwa limepita sikioni mwangu nikiwa na miaka kumi na tano, nikalifuata hadi Voronezh bila kujua.

Furaha ile nusura iniharibu. Nikaanza kuona undugu kila mahali. Mekh ni manyoya, smekh ni kicheko. Nikatunga maelezo, nikamletea mwalimu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema smekh ni tawi la kitenzi cha kucheka, smeyatsya, na s yake ya mwanzo ni ya shina. Hakuna mnyama pale. Nikamletea jingine: mbwa Laika, aliyerushwa angani na Wasovieti Novemba 3, 1957, na laika ya Kiswahili, unyoya laini wa mwilini. Akauliza, katika Kirusi ni nini? Nikasema, kutoka kitenzi layat, kubweka. "Basi," akasema, "huyo ni mbweko, huo ni unyoya." Akanipa kanuni ambayo nimeishi nayo kazini miaka yote: usiamini sura ya neno kabla hujamuuliza mzazi wake, njia aliyopita, na kama sauti zake zimebadilika kwa namna ile ile katika maneno mengine.

Kwa kanuni hiyo nikapata undugu wa kweli mahali ambapo sikutazamia. Koti refu la manyoya, ambalo kila Mrusi huota kumnunulia mkewe, ni shuba. Wanaisimu wamelifuata hadi Kijerumani cha zama za kati, schube, kutoka Kiitaliano giubba, na hicho kutoka Kiarabu, jubba. Sisi jubba ya Mwarabu tunaijua. Ni juba, vazi refu la wazi mbele, la mashehe. Halikupita Italia wala Ujerumani; lilivuka maji na majahazi ya kaskazi. Kwa hiyo juba la shehe wa Usangi na shuba la mama wa Voronezh ni watoto wa mzazi mmoja, mmoja akaenda kusi, mwingine akaenda kwenye baridi akaota manyoya. Hata sketi ya Kirusi, yubka, ni wa tumbo hilo, kwa njia ya Ufaransa na Polandi.

Majira ya kupukutika majani ya 1986 nilikuwa nimeweka akiba ya kutosha kutoka posho yangu. Nikapeleka koti la baba mkubwa kwa fundi wa manyoya. Kirusi humwita skornyak, kutoka skora, neno la kale la ngozi. Alikuwa na chumba nyuma ya kiwanda cha ushonaji, meza ndefu, harufu ya dabagha. Nikataja nilichotaka, na niligonga paja kwanza: na me-KHU. Akaniletea sungura wa kufugwa, wa kijivu. Kabla ya kunionyesha alifanya jambo ambalo sijalisahau. Aliinamisha uso akapuliza manyoya, pumzi fupi ya nguvu, yakafunguka kama nyasi mbele ya upepo, na chini yake nikaona sufu fupi nyeupe, na chini yake ngozi. Hapo ndipo mtu wa kazi husoma ubora: si juu, ni chini, wingi wa ile sufu ya ndani.

Nilikaa naye alasiri nzima. Hakutumia mkasi hata mara moja. Aligeuza ngozi, upande wa nyama ukatazama juu, akakata kwa wembe kutoka upande huo, ngozi tu, ili nywele zisiguswe. Kisha akazitenganisha kwa vidole. Alipanga kila kipande nywele zielekee chini, kwa sababu zikipandana kinyume koti hukataa kuvalika. Mishono aliishona nje, kwenye ngozi, na alipogeuza sikuweza kuona sungura mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Alinisimulia jinsi Urusi ilivyoifuata mekhá hadi mwisho wa Siberia, mataifa ya huko yakitozwa kodi ya ngozi za sobol, mnyama mdogo wa manyoya ya thamani, iliyoitwa yasak, na kwamba hadi leo wao huyaita manyoya dhahabu laini. Nilimweleza habari za pembe za ndovu na misafara ya kwetu. Akanyamaza kidogo. Halafu akaendelea kushona.

Nilipotoka mle, bibi wa mlangoni, ambaye nilikuwa nikimpitia kumsalimu hata baada ya kuhama bweni lake, alishika upindo tena kwa vidole viwili. Akafungua kifungo kimoja akaingiza mkono ndani. "Sasa ni na mekhu," akasema. Samaki hakumtaja.

Nilirudi nyumbani 1990. Koti nilikuwa nimelikunja chini ya sanduku, na Ugweno ilikuwa Julai, ukungu mlangoni. Nilimwamkia baba mkubwa, akaitikia, akaniuliza habari za watu wa huko, za ng'ombe wao na malisho yao. Mivukuto ilikuwa bado pale pale kiwandani, mifuko miwili ya mbuzi, mmoja umetiwa kiraka. Nikamwambia Warusi huiita mekhi, na ya kwamba manyoya nayo wanayaita kwa jina hilo hilo, ila wingi wake wameutenga. Akalijaribu neno kwa mkazo wa kwetu, ME-khi. Nikagonga fuawe: dogo, kubwa. Akarudia sawasawa mara ya kwanza.

Kisha nikampa koti lake. Alilitambua kwa nje, akalipima mkononi, akaona uzito umezidi. Akalifungua. Hakuuliza kitu. Aliinama, akapuliza ndani yake pumzi moja fupi, akachungulia pale manyoya yalipofunguka.

"Sungura," akasema.